Kusoma Biblia Kando ya Ziwa: Mwongozo kwa Mtu wa Mwanza

Wengi wanaotafuta uongozi wa Mungu kwa kutazama viumbe hukwama mahali pamoja: wana haraka ya fundisho. Mtu anamwona kunguru juu ya bati pale soko la samaki la Mwaloni, hajamtazama hata dakika moja, tayari ana mahubiri. Ayubu 12:7 inasema waulize hayawani, na anayeuliza sharti anyamaze angojee jibu. Hata Yesu aliposema "fikirini maua ya mashamba" (Mathayo 6:28), neno la Kigiriki lililotumika pale lina mzizi mmoja na neno "mwanafunzi". Maua yanatazamwa kama mwanafunzi anavyokaa na somo, daftari mkononi.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni huu: kitu kwanza, andiko la pili, maisha yako ya tatu. Andiko ndilo lenye kauli ya mwisho, lakini kitu kipewe nafasi ya kuonekana kilivyo.

Anayeishi Mwanza, Ukerewe au Sengerema anaanza akiwa mbele. Sehemu kubwa ya Injili inatokea kando ya maji baridi, kati ya vyombo, nyavu na watu wanaosubiri samaki. Bahari ya Galilaya ni ziwa, lenye urefu wa kilomita kama 21 na upana wa 13, na Luka mwenyewe huliita ziwa (5:1). Ziwa Victoria lingelimeza mara mia nne na zaidi.

HATUA YA KWANZA: VIFAA, MAHALI NA SAA

Beba Biblia mbili za tafsiri tofauti, kwa mfano Union ya mwaka 1952 na Habari Njema. Sababu utaiona kwenye hatua ya tatu. Beba daftari na penseli. Wino wa baadhi ya kalamu ukipigwa na manyunyu unatapakaa, penseli inabaki. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kabla hujaondoka nyumbani, maana ukifika pale utajidanganya kwamba unasubiri ujumbe mmoja tu.

Chagua mahali pamoja na urudi hapo hapo mara nne kabla ya kuhama. Mara ya kwanza utaona mandhari, mara ya tatu ndipo utaanza kuona mambo. Miamba ya Capri Point inafaa, fukwe za Igombe na Kayenze pia. Kaa juu ya jiwe, usikae majini. Usitumbukize miguu, hasa penye matete na maji yaliyotulia, kwa sababu ndiko waliko konokono wa kichocho. Jioni na alfajiri kaa mbali na matete kabisa. Ayubu 40 na 41, katika Union, zinamtaja kiboko na mamba kwa heshima kubwa. Nawe waheshimu hivyo hivyo. Mahali pasipo na watu, nenda na mwenzako.

Saa nzuri ni kuanzia saa 12:30 asubuhi. Ikifika saa nne jiwe limeshapata moto na utakuwa unafikiria kivuli tu. Dakika 45 zinatosha: 20 za kutazama, 10 za kusoma, 15 za kuandika na kuomba. Usizigeuze. Watu wa kanisani tumezoea kusoma sana na kutazama kidogo, na hapa tunajaribu kujirekebisha.

HATUA YA PILI: KITU KIMOJA, SENTENSI KUMI

Chagua kitu kimoja tu. "Ziwa" si kitu kimoja. Wimbi linalopiga jiwe fulani ni kitu kimoja. Andika sentensi kumi za yale jicho linaona na sikio linasikia, kwa masharti mawili: neno "kama" lisitumike, na neno "Mungu" lisitajwe. Sharti la kwanza linakuzuia kukimbilia mfano. La pili linakuzuia kukimbilia mahubiri.

Tuchukue kunguru kwenye mwalo wa dagaa, yaani ufuko wanaposhushwa, asubuhi dagaa wanapoanikwa. Sentensi za mwanzo huwa nyepesi: ni mweusi, kifua ni cheupe, ametua juu ya mti wa chanja. Kufikia ya tano inabidi uangalie zaidi. Hashuki moja kwa moja. Anatua hatua kadhaa pembeni, anatembea, anageuza kichwa kumwangalia mama mwenye fimbo. Anachukua dagaa mmoja, wakati mwingine wawili, anaruka nao. Anafukuzwa, anarudi. Korongo wakubwa wenye upara wanasimama nyuma wakisubiri matumbo ya samaki na hawahangaiki naye. Yuko kazini tangu kulipokucha, na jioni haondoki na akiba yoyote.

Sasa fungua Luka 12:24: watafakarini kunguru, hawapandi wala hawavuni, hawana ghala, na Mungu huwalisha. Sentensi zako kumi zinaanza kufanya kazi. Umeona kwamba kulishwa kwa kunguru si kukaa akingoja mdomo wazi. Ni kuhangaika kutwa bila ghala. Ongeza kwamba Walawi 11:15 inamhesabu kunguru miongoni mwa ndege wasioliwa. Kati ya ndege wote, Yesu alimchagua najisi na mdokozi. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuuza uji kituo cha daladala, asiye na akiba ya kesho, anaweza kusikia hapo jambo ambalo mwenye ghala hatalisikia upesi.

Kama sentensi zinakwama kwenye nne au tano, usibadilishe kitu. Badilisha mahali ulipokaa, sogea mita mbili, utazame kwa upande mwingine.

HATUA YA TATU: ULIZA KILIKUWAJE KULE

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi hupita mbio. Kitu ulichokiona Mwanza na kitu kilichotajwa kwenye andiko vinaweza kuwa na jina moja na visiwe kitu kimoja. Kinyume chake pia: majina tofauti, kitu kile kile.

Anza na wibari. Mithali 30:26 katika Union inasema wibari ni watu dhaifu, lakini hujitengenezea nyumba katika miamba, na Zaburi 104:18 inasema magenge ni kimbilio lao. Msomaji huruka neno hilo akidhani ni mnyama wa Kiyahudi. Wibari ni pimbi, yule yule anayeota jua juu ya mawe ya Mwanza. Kama mtaani kwako wamekwisha, vuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, dakika chache kwa boti. Mtazame: hachimbi shimo, hana meno wala kucha za kupigana na tai. Anajua ufa ulipo na hakai mbali nao. Mmoja akipiga kelele, wote wanatoweka kwa mara moja. Baada ya kuliona hilo, soma Zaburi yoyote inayomwita Mungu mwamba wangu, kwa mfano ya 18 au ya 62, uone kama unaisoma ulivyoisoma zamani.

Mistari miwili mbele, Mithali 30:28 inamtaja mjusi anayeingia hata majumba ya wafalme. Tafsiri kadhaa za lugha nyingine humwita buibui, kwa hiyo usijenge nguzo juu ya aina ya mnyama. Lakini pale juu ya jiwe utamkuta mjusi kafiri, dume mwenye kichwa cha rangi ya waridi na mwili wa buluu, akipiga pushapu. Sisi tumemwita kafiri. Mithali imempa mjusi ualimu.

Chungu wa Mithali 6:6 naye anahitaji uangalifu. Anayesifiwa ni yule akusanyaye chakula wakati wa mavuno. Siafu hawaweki akiba ya nafaka, wanawinda na kuhama. Mchwa ni mdudu mwingine kabisa. Ukimtazama siafu ukatafuta ghala, hutaliona, na utaanza kulazimisha. Tafuta sisimizi wanaobeba mbegu za nyasi kuelekea shimoni. Hao ndio wako karibu na wa Mithali.

Vipimo na fedha ndivyo vinavyopotosha zaidi. Katika Luka 15:8, Union inasema mwanamke alikuwa na shilingi kumi akapoteza moja. Leo shilingi moja haiokotwi hata na mtoto, na msomaji anashangaa mama huyu anafagia nyumba nzima kwa nini. Fedha inayotajwa ni drakma, karibu ujira wa kibarua kwa siku moja. Weka hapo kiasi anacholipwa mbeba mizigo kwa kutwa, ndipo utafute naye chini ya kitanda kwa tochi.

Halafu chachu. Mathayo 13:33 inataja "pishi tatu za unga". Pishi ya kwetu ni vibaba vinne, kwa hiyo pishi tatu ni kilo kama nane, unga wa maandazi ya genge moja. Kipimo cha asili, sea tatu, kinafika karibu lita 40. Hizo ni ndoo mbili kubwa zilizojaa unga, na mwanamke mmoja. Na chachu yenyewe haikuwa hamira ya pakiti. Ilikuwa donge la kinyunga cha jana lililochacha, likafichwa ndani ya kinyunga kipya. Ukitaka kuliona, bakiza donge la ukubwa wa yai kwenye unga wa maandazi, lifunike usiku mzima, asubuhi likande ndani ya kilo moja ya unga mpya bila kuongeza hamira. Litachukua saa nyingi kuliko ulivyozoea, tano au sita, zaidi siku za baridi. Waharibuo zoezi hili ni wale wanaofunua kila nusu saa, au wanaotumia maji ya moto yakaua chachu.

Na juya. Mathayo 13:47 inasema ufalme umefanana na juya lililotupwa baharini likakusanya wa kila namna. Mvuvi wa ziwa hili akielezwa juya, atakumbuka kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, na kokoro ni haramu kwa sababu hiyo hiyo: linazoa kila kitu, hata vifaranga. Usikwepe jambo hili, litumie. Yesu anazungumzia jinsi wavu unavyokusanya na jinsi wavuvi wanavyoketi ufukweni kuchambua. Hafundishi sheria za uvuvi. Nenda mwaloni utazame kuchambua kwenyewe. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya 25 hawaruhusiwi, na macho ya mchambuaji yanaamua kwa sekunde. Kisha urudi kwenye mstari wa 49 uone ni nani wanaochambua. Ni malaika, na ni mwisho wa dunia. Kazi hiyo hukupewa wewe, wala kamati ya nidhamu ya kanisa.

Neno dogo la mwisho: katika Marko 4:38 Yesu amelala "katika shetri, juu ya mto". Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, na mto ni wa kulalia. Linachekesha, lakini ukisoma kwa sauti mbele ya watoto utaulizwa.

HATUA YA NNE: SOMA SURA NZIMA, KISHA ULIZA

Soma sura yote ambamo andiko lako limo. Halafu jiulize maswali matatu, kila moja kwa mistari miwili au mitatu ya daftari. Kitu hiki kinaonyesha nini kuhusu Mungu kulingana na andiko? Ni wapi kitu na andiko havilingani? Nifanye nini kabla ya kesho saa kama hii?

Swali la pili ndilo linalorukwa. Lishike. Mfano mzuri ni mvua. Mathayo 5:45 inasema Mungu huwanyeshea wenye haki na wasio haki, na katika mstari huo mvua ni neema. Mwanza, wingu lile lile la saa mbili asubuhi ni neema kwa mwenye mpunga wa Magu na ni hasara kwa mama mwenye dagaa mchangani, kwa sababu dagaa akilowa anageuka kuwa chakula cha kuku na bei inaanguka. Andiko halijafutika, ila sasa linauliza swali gumu zaidi: unaombea mvua ya nani?

Jibu la swali la tatu liwe dogo na liwe na jina ndani yake. "Nitakuwa mwenye upendo" hutalifanya. "Nitamrudishia jirani beseni lake na kumwomba radhi" utalifanya au hutalifanya, na utajua.

USIKU WA GIZA NA USIKU WA MBALAMWEZI

Kuna andiko moja ambalo mtu wa ziwa analielewa kuliko wafafanuzi wengi. Luka 5:1-11. Wavuvi wametoka, wanaosha nyavu, na usiku kucha hawakupata kitu. Yesu anamwambia Simoni atweke mpaka kilindini ashushe nyavu, na ni mchana.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta. Mwezi ukipevuka taa inapoteza nguvu na mitumbwi hupumzika, watu wanashona nyavu, kama Yakobo na Yohana kwenye Marko 1:19. Mwambie mvuvi wa dagaa ashushe wavu saa nne asubuhi, atakuangalia mara mbili. Nyavu za Simoni zilikuwa za kitani, samaki aliziona mchana, na zilitakiwa kuoshwa na kukaushwa zisioze. Kuzilowesha upya kulikuwa na maana ya kuziosha upya, na mwili umechoka. Ndiyo maana jibu lake lina uchovu ndani: tumefanya kazi usiku kucha, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu".

Fanya zoezi hili katika siku za mbalamwezi, mwaloni watu wakiwa na nafasi. Omba ruhusa, kaa na mshona nyavu nusu saa, hesabu matundu anayoziba. Usimpige picha bila kumwuliza. Kisha soma sura.

MAKOSA MAWILI YA HATARI

La kwanza ni kugeuza ziwa kuwa ramli. Bundi amelia juu ya paa, nyoka amekatiza njia, Biblia imefunguka yenyewe kwenye mstari fulani, na mtu anaamua kuhusu ndoa au safari. Kumbukumbu la Torati 18:10 inakataza kutazama bao na nyakati mbaya, na kubadilisha bao kuwa ndege hakuondoi katazo. Ngozi aliyoitandaza Gideoni kuomba ishara (Waamuzi 6) hutajwa sana hapa, lakini Gideoni alikuwa ameshaambiwa wazi la kufanya; ngozi ilikuwa ya woga wake. Kipimo rahisi: kiumbe unachotazama kikikupa habari za siri kuhusu mtu mwingine, umetoka kwenye njia.

La pili linahusu dhoruba. Marko 4:35-41 husomwa sana kando ya ziwa hili, na mara nyingi husomwa vibaya: mwenye imani hazami. Kati ya wanaokusikiliza kuna waliopoteza watu meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 (wengi wa waliokufa wamezikwa Igoma), na kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Waumini walikuwamo. Paulo mwenyewe anasema alivunjikiwa jahazi mara tatu (2 Wakorintho 11:25). Kwa mfiwa usianze na Marko 4. Anza na Zaburi 42:7 au 69:1-2, ambapo maji yanapita juu ya mwombaji na hakuna anayemkemea kwa kulia. Na kama wewe mwenyewe ndiye mfiwa, huna ulazima wa kufanyia mazoezi haya majini. Jiwe, shamba na jiko vinatosha.

ZOEZI LA NYUMBANI: PENYE MIAMBA

Linafaa wasio na muda wa kwenda ufukweni, na linafaa watoto. Chukua mabeseni mawili kuukuu, toboa kila moja matundu sita chini. La kwanza weka jiwe bapa linalofunika kitako, juu yake udongo wa sentimita 3. La pili jaza udongo sentimita 15. Panda punje kumi za mahindi kila moja, kina cha sentimita 2. Mwagilia kikombe kimoja kila siku kwa siku kumi, kisha acha kabisa kwa wiki moja, yote mawili juani.

Siku ya sita au ya saba simama uyatazame. Huenda usiweze kuyatofautisha, au la jiwe ndilo limetangulia kuota, kwa sababu udongo mwembamba unapata joto mapema. Andika hilo siku hiyo hiyo, kabla hujajua mwisho. Wiki ya ukame ikiisha soma mfano wa mpanzi, Mathayo 13:5-6 na 20-21.

Mambo yanayoharibu zoezi ni mawili. Beseni lisilo na matundu huozesha mbegu, ukabaki na mfano usiokuwemo kwenye Biblia. Na huruma: mtu anaona mche unasinyaa anauongezea kikombe cha maji, kesho tena, mpaka mche wa jiweni unasitawi na Yesu anaonekana amekosea.

MKIWA KIKUNDI

Watu sita hadi wanane. Zaidi ya hapo inakuwa mkutano wa injili. Dakika 20 za kutazama ni kimya, kila mtu na kitu chake, mita tano mbali na mwenzake. Mkikutana, kila mmoja anasoma sentensi tatu kati ya kumi alizoandika, bila maelezo. Ndipo mmoja asome andiko mara mbili, kila mara kwa tafsiri tofauti. Kiongozi awe wa mwisho kusema, na kama ni mchungaji au katekista, akae kabisa bila kuhubiri siku hiyo. Mwambieni mapema ili asije na notisi.

Mafuta ya boti na viingilio mgawane kabla ya kuondoka. Maji ya kunywa lita moja kwa kila mtu, kofia kwa wazee, na muondoke juu ya mawe kabla ya saa nne. Madaftari kila mtu arudi na lake.